Maski ipi kwa laini ya ncha mbili?

Chomeka modemu ya USB ya zamani kwenye kompyuta ya Windows, piga *99#, subiri laini ishike, kisha fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Utaona anwani ya IP uliyopewa na kampuni ya simu, na chini yake maski ya sabneti: 255.255.255.255. Kama umezoea 255.255.255.0 ya ofisini, utadhani kuna kosa, maana kwa maski hiyo kompyuta haina hata jirani mmoja. Ndipo fundi mchanga anapoanza kutafuta mahali pa kuirekebisha, anapoteza asubuhi nzima, na mwisho anaharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi.

Usiiguse. Maski hiyo ni sahihi. Ukielewa kwa nini ni sahihi, hutapata shida ya kuchagua maski ya redio mbili zinazotazamana juu ya paa, ya faiba kati ya majengo mawili, wala ya wateja mia tatu wanaoingia kwa PPPoE. Modemu mpya zaidi zinazojifanya ruta ndogo zitakuonyesha 255.255.255.0, lakini hiyo ni maski ya mtandao mdogo kati ya kompyuta na modemu yenyewe, haihusiani na laini ya kwenda kwa kampuni ya simu.

Anza na kazi ya maski. Wengi tumefundishwa kwamba maski huonyesha mtandao unabeba vifaa vingapi. Hesabu hiyo ni matokeo tu. Kazi yenyewe ni kujibu swali ambalo kila mashine hujiuliza kabla ya kutuma pakiti: huyu ninayempelekea, namfikia mwenyewe moja kwa moja, au nipitishe kwa lango? Kwenye Ethernet, jibu likiwa "moja kwa moja", mashine huita kwa ARP ili ijue kadi ya mtandao ya mwenye anwani hiyo. Kwenye laini ya PPP, kama ile ya modemu ya mwanzo, hakuna wa kuitwa. Kinachoingia upande huu kitatokea upande ule, na upande ule yuko mmoja tu. Kwa hiyo, unapochagua maski ya laini ya ncha mbili, unaamua mambo mawili: ni anwani ngapi uko tayari kuzifungia kwenye laini hiyo, na ni anwani zipi ruta itaamini ziko upande wa pili.

/30, chaguo la kawaida

Maski ya 255.255.255.252, yaani /30, inaacha biti 2 kati ya 32 kwa ajili ya vifaa. Biti 2 ni anwani 4. Chukua 10.20.0.0/30. Ya .0 ni jina la mtandao na ya .3 ni ya tangazo linalowafikia wote, kwa hiyo zinabaki .1 na .2, moja kwa kila ruta. Fungu linalofuata linaanzia .4, na ruta zake ni .5 na .6. Kisha .8, yenye .9 na .10. Kila fungu linaanzia namba inayogawanyika kwa 4, na hiyo ndiyo hesabu pekee unayohitaji kichwani ukiwa juu ya mnara.

Ifanyie mazoezi. Mtu akikupa .14 na .15 kwa /30, mkatalie: fungu hilo linaanzia .12, kwa hiyo .15 ni anwani ya tangazo, na ruta nyingi hazitaipokea. Akikupa .10 na .13, ruta zitapokea bila kulalamika, lakini hazitaonana, kwa sababu .10 iko kwenye fungu la .8 na .13 iko kwenye fungu la .12. Makosa haya mawili yanajitokeza mapema, ping ya kwanza tu.

Kosa baya ni lile linalokaa kimya. Upande mmoja umeweka 10.20.0.2/30 vizuri. Upande wa pili, kwa mazoea ya mkono, mtu ameandika 10.20.0.1/24. Ping inapita pande zote mbili, maana kila mmoja anamwona mwenzake kuwa jirani. Kazi inakabidhiwa. Miezi baadaye unafungua laini nyingine kule mbele, 10.20.0.4/30, na ruta yenye /24 haifiki huko. Inaamini 10.20.0.5 iko hapo hapo mlangoni pake, inaita kwa ARP, hakuna anayeitika, na pakiti inatupwa badala ya kufuata njia ya lango. Utapekua ruta za laini mpya, zote ziko sawa, ilhali tatizo liko kwenye laini usiyoishuku.

Usitegemee OSPF, itifaki ya ruta kupashana njia, ikuonye. Kwenye mtandao wa aina ya broadcast, OSPF hulinganisha maski zilizo ndani ya pakiti za Hello, na zikitofautiana hakuna ujirani. Lakini ukitangaza poti kuwa ya aina ya point-to-point, RFC 2328 inaelekeza maski ipuuzwe kwenye ukaguzi huo. Ujirani utasimama na taa zitawaka kijani huku maski zikitofautiana. Kwa hiyo soma maski kwa macho yako, ncha zote mbili, kabla ya kushuka.

/31, kwa anayehesabu anwani

Kwenye /30, nusu ya anwani hazifanyi kazi: ni nyumba ya vyumba vinne ambayo viwili vimefungwa kwa kufuli siku zote. Mtandao wenye ncha mbili hauhitaji anwani ya kutangazia wote, kwa kuwa "wote" ni mtu mmoja. Hoja hiyo ndiyo iliyozaa RFC 3021 ya Desemba 2000, inayoruhusu /31, yaani 255.255.255.254, kwenye laini za ncha mbili. Anwani ni mbili, na zote zinatumika. Fungu la /24 linalotoa laini 64 kwa /30, linatoa laini 128 kwa /31.

Huku kwetu jambo hili si la kinadharia. Anwani za umma za IPv4 kwa Afrika hutolewa na AFRINIC iliyoko Ebène, Mauritius, na tangu Januari 2020 iko kwenye awamu ya mwisho ya kumaliza akiba yake, ambapo mwombaji hupewa kwa mara moja si zaidi ya /22, yaani anwani 1,024. Mtoa huduma mdogo mwenye laini 100 za anwani za umma anatumia anwani 400 kwa /30 na 200 kwa /31. Tofauti hiyo ni wateja 200.

Je, usitumie tu anwani za ndani, zile za 10.0.0.0/8, kwenye laini zote na kumaliza hesabu? Ndani ya mtandao wako, ndiyo, na hapo /30 haikugharimu chochote maana anwani zimejaa tele. Lakini kwa laini ambazo trafiki ya wateja inapita kwenda nje, mimi huchagua anwani za umma, na sababu ni moja. Ruta ikishindwa kupitisha pakiti kubwa, humtumia aliyeituma ujumbe wa ICMP akaipunguze, na ujumbe huo hubeba anwani ya poti ya ruta. Anwani hiyo ikiwa ya 10.x.x.x, mitandao mingi huko nje huichuja na kuitupa. Mteja wako ataona kurasa fulani zinafunguka na nyingine zinaning'inia, na hakuna atakayefikiria laini ya katikati.

Ukienda /31, jozi lazima ianze na namba shufwa. 10.20.0.4 na .5 ni jozi. 10.20.0.5 na .6 si jozi, hata kama zimefuatana. Pia hakikisha vifaa vya ncha zote mbili vinaikubali. Ruta kubwa zinaikubali siku nyingi. Vifaa vidogo vya bei nafuu, na programu za miaka ya nyuma, vingine vinakataa kabisa, na vingine vinaikubali kwenye skrini kisha vinaichukulia moja ya anwani hizo kuwa ya tangazo. Vijaribu mezani, usivijaribu kwenye mnara wa Kibaha saa kumi na moja jioni.

Kwenye MikroTik, ambayo imejaa kwa watoa huduma wadogo wa Afrika Mashariki, mafundi wamezoea njia nyingine inayofikisha pale pale: unaweka /32 na kutaja wa upande wa pili kama mtandao. Upande mmoja unaandika /ip address add address=10.20.0.4/32 network=10.20.0.5 interface=ether1, na upande wa pili unageuza namba. Linux nayo ina neno peer kwa kazi hiyo hiyo. Uzuri wa njia hii ni kwamba anwani mbili hazilazimiki kuwa jozi, wala hata kufanana. Hapo utaona wazi kwamba kinachohitajika ni kila ruta kujua mtu mmoja tu: huyo wa ng'ambo.

Redio mbili, vifaa vinne

Sehemu inayowachanganya watu kuliko zote ni laini ya redio. Madishi mawili yanatazamana, moja hapa na moja kule, na fundi anasema ni ncha mbili, weka /30. Kisha anaanza kugawa: ruta ya hapa .1, redio ya hapa .2, na anwani zimeisha.

Hesabu vifaa vizuri. Redio zikiwa kwenye hali ya daraja, kama zinavyofungwa mara nyingi, pakiti hupita ndani yake bila redio kufanya uamuzi wowote wa njia. Wanaozungumza ni ruta mbili, na /30 au /31 ni yao peke yao. Redio zina anwani zake kwa ajili ya usimamizi tu, ili uingie usome nguvu ya mawimbi au kubadili chaneli. Zipe mtandao wake kwenye VLAN tofauti, kwa mfano 10.99.0.0/24 kwa redio zote za eneo. Hivyo mteja hawezi kufungua ukurasa wa kuingilia wa redio yako, na siku ukibadilisha anwani za ruta hutagusa redio.

Kama huna VLAN na kazi ni ndogo, tumia /29, yaani 255.255.255.248. Ina anwani 8, zinazotumika ni 6: ruta mbili, redio mbili, na mbili za akiba. Tumia /29 pia pale ambapo upande mmoja una ruta mbili zinazopokezana kwa VRRP, maana hapo zinahitajika anwani ya kila ruta na ya tatu wanayoshirikiana, ukiongeza na ya upande wa pili zinakuwa nne. Faiba inayopita kwenye swichi katikati nayo ichunguze kabla ya kuiita ya ncha mbili. Swichi ina poti nyingine, na siku moja mtu atachomeka kitu.

Wanaoingia kwa kupiga

Turudi kwenye 255.255.255.255. Zamani za SLIP, iliyoelezwa mwaka 1988 katika RFC 1055, mtu aliyepiga simu alilazimika kuandika anwani yake kwa mkono. PPP ililiondoa tatizo hilo. Ndani yake kuna itifaki ndogo ya IPCP, RFC 1332 ya mwaka 1992, ambayo kazi yake ni pande mbili kukubaliana anwani: seva inasema mimi ni fulani, wewe utakuwa fulani. Basi. Kiwango hicho hakina mahali pa maski. Haikusahaulika, ila haina kazi: mteja ana mtu mmoja wa kuzungumza naye, na kila kitu kinaenda kwa huyo.

Lakini mfumo wa kompyuta una kisanduku cha maski, na lazima ujaze kitu. Windows za zamani zilijaza kwa kufuata madaraja ya anwani, kwamba inayoanza na 10 ipewe 255.0.0.0, na inayoanza na 192 ipewe 255.255.255.0. Windows za baadaye zinaandika 255.255.255.255, ambayo ndiyo kweli tupu. Usishtuke pia ukiona lango limeandikwa 0.0.0.0. Kwenye bomba la ncha mbili, kutaja bomba kunatosha.

Masalia ya madaraja bado yapo kwenye VPN za Windows, na yanasumbua ofisi nyingi. Ukiondoa tiki kwenye kipengele cha kutumia lango la mtandao wa mbali, ili intaneti yako iendelee kupita nyumbani, Windows huongeza njia kwa kufuata daraja la anwani uliyopewa. Ukipewa 192.168.20.5, itapeleka 192.168.20.0/24 tu kwenye VPN, na seva ya makao makuu iliyo 192.168.30.10 hutaifikia. Ukipewa 10.8.0.5, itapeleka 10.0.0.0/8 yote, na matawi yako mengine ya 10.50.x.x yanatoweka mpaka ukate VPN. Dawa haiko kwenye maski. Ingia kwenye mipangilio ya kina ya TCP/IP ya muunganisho huo, zima uongezaji wa njia kwa madaraja, kisha uongeze mwenyewe njia unazozitaka, moja moja.

Upande wa seva ndiko kwenye maamuzi. Tuseme una wateja wa PPPoE kwenye mtaa mzima. Tenga bwawa la anwani, kwa mfano 100.64.8.0/24. Fungu la 100.64.0.0/10 lilitengwa mwaka 2012 kwa RFC 6598 mahsusi kwa watoa huduma wanaofanya NAT, na linafaa kuliko 10.x.x.x kwa sababu mteja mwenyewe anaweza kuwa na 10.x.x.x nyumbani kwake. Anwani ya upande wa seva ni moja, 100.64.8.1, na wateja wote wanaiona hiyo hiyo. Haigongani, kwa kuwa kila kikao ni bomba lake. Kila mteja akiingia, seva huandika njia ya /32 kuelekea kwake, akitoka inafutwa. Hiyo /24 ni ya bwawa, si ya mteja. Mteja ana /32.

Usizisambaze /32 hizo zote kwenye ruta zako nyingine. Umeme ukikatika mtaani, mamia ya njia yatafutwa na kuandikwa upya kwa pamoja, na ruta zote zitahangaika. Tangaza /24 moja. Na ukiitangaza, weka kwenye seva njia ya shimo ya hiyo /24, inayotupa chochote kisicho na mwenyewe. Bila hiyo, pakiti ya mteja aliyetoka itafika kwenye seva, seva haina /32 yake, itairudisha juu kwa njia ya lango, ruta ya juu itairejesha chini, na zitarushiana mpaka TTL iishe. Mtu mmoja mwenye nia mbaya akilijua hilo anaweza kuijaza laini yako kwa pakiti chache tu.

Ukitumia RADIUS, sifa mbili ndizo za kuangalia: Framed-IP-Address na Framed-IP-Netmask. Kwa mteja wa kawaida, maski iwe 255.255.255.255. Angalia tu usichanganyikiwe: 255.255.255.254 ikiwekwa kwenye sifa ya anwani, si maski ya /31 iliyopotea njia. RFC 2865 inaipa maana yake, kwamba seva ya kuingilia imchagulie mteja anwani yenyewe. Mteja wa biashara akinunua anwani 5 za umma, usiibadilishe laini yake kuwa /29. Mwachie /32 kwenye kikao, na hiyo /29 mpelekee kama njia kwa Framed-Route. Ruta yake itaiweka upande wa ndani, na siku akihamia kwenye faiba nyingine, /29 inamfuata bila kubadili hata kamera moja.

Ofisi ndogo ina hali yake. Wawili watatu wanaingia kwa kupiga kutoka nyumbani, na unataka waonekane kama wako ofisini. Wape anwani kutoka kwenye mtandao huo huo wa ofisi, tuseme 192.168.30.0/24, ila zisiwe zile zinazogawiwa na DHCP. Maski yao itabaki /32. Seva ndiyo itakayowaitikia ARP kwa niaba yao. Kwenye pppd ya Linux neno ni proxyarp, na ukilisahau utaona mambo ya ajabu: mteja anatuma, printa inapokea, na jibu halirudi.

Kwa IPv6, tumia /127 kati ya ruta na ruta. Wapo wanaokushauri /64 kila mahali, lakini RFC 6164 ya Aprili 2011 ilieleza hatari yake: anwani zisizo na mwenyewe kwenye laini huweza kufanya pakiti zirushiwe huku na huko, au kuijaza kumbukumbu ya majirani mpaka ruta ilemewe. Tenga /64 nzima kwenye daftari la mipango, kisha uandike /127 kwenye poti. Kwa wanaopiga, PPP hukubaliana sehemu ya mwisho ya anwani tu, na mtandao wa nyumbani kwa mteja utampelekea kwa DHCPv6.

Daftari hilo liwepo kweli, hata likiwa jedwali la kawaida kwenye kompyuta. Tenga fungu moja kwa ajili ya laini za ncha mbili peke yake, lisichanganywe na la wateja wala la redio. Kila mstari uwe na ncha ya kwanza, ncha ya pili, maski, na poti ya kila upande. Ncha iliyo karibu na makao makuu ipe siku zote namba ndogo. Atakayepanda mnara usiku wakati wewe uko safarini atajua anwani ya upande wa pili bila kukupigia simu.